Mbao za Kiwandani Kwenye Kerezo: Ipi ya Kuchukua, Ipi ya Kuacha

Mkerezaji anayetafuta bonge la mninga la inchi nne kwa nne, kavu na lisilo na ufa, siku hizi hupita maduka mengi kabla ya kulipata, na akilipata hulilipia kweli. Misitu imepungua na sheria zimekaza. Mwaka 2022, katika mkutano uliofanyika Panama, miti ya jamii ya mninga, mkongo na mkangazi inayoota Afrika iliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Mpingo ulikuwa umeshaingia humo tangu Januari 2017. Wakati huohuo maduka ya vifaa vya ujenzi yamejaa mbao za kiwandani: plaiwudi, MDF, chipbodi, blokibodi, na zile mbao za vipande vilivyounganishwa kwa meno. Zimenyooka, zimekauka, hazina vifundo, na vipande vinavyobaki kwa mafundi wa makabati hutupwa au huchomwa moto. Fundi ana haki ya kujiuliza kama vipande hivyo vinaweza kupanda kwenye kerezo vikatoka mguu wa meza, nguzo ya ngazi, bakuli au kinara cha taa.

Jibu langu ni ndiyo, lakini kwa baadhi yake tu, na si kwa kila kazi. Ubao wa kabati umetulia mahali pamoja, umepigwa rangi, na kasoro iliyo ndani yake inaweza kukaa miaka bila kujulikana. Ubao uliofungwa kwenye mashine unazunguka mara mia kadhaa au elfu moja na zaidi kwa dakika, huku chuma chenye makali kikiugonga. Kasoro hiyohiyo hapo hujitokeza kwa kishindo. Kwa hiyo bei na jina la dukani visikuongoze. Uliza mambo mawili: nyuzi za ubao huu zimeelekea wapi, na ni gundi gani inayozishika?

Tuanze na plaiwudi, kwa kuwa ndiyo inayopatikana kila mahali na ndiyo inayotoa kazi nzuri kuliko zote ukiielewa. Plaiwudi yenyewe huanzia kwenye kerezo. Kiwandani gogo hushikwa ncha zote mbili, huzungushwa, na kisu kirefu hulimenya mpaka litoke utepe mwembamba unaoitwa vinia. Vinia hupangwa kwa kupishana: nyuzi za moja huenda kwa urefu, za inayofuata kwa upana, na jumla yake kwa kawaida huwa ya witiri, yaani tatu, tano, saba na kuendelea. Kupishana huko ndiko kunakoizuia plaiwudi kutanuka na kusinyaa ovyo inapotoka kwenye unyevu wa Mombasa kwenda kwenye ukavu wa Dodoma.

Kwa patasi, kupishana huko kuna maana nyingine. Popote unapokata, karibu nusu ya tabaka zinakuonyesha ubavu wa nyuzi na nusu nyingine zinakuonyesha ncha. Ubavu hukatika laini. Ncha hukwanyuka usipokuwa na makali ya kutosha. Na katika nguvu, mguu wa kiti uliokerezwa kutoka plaiwudi unabebwa na nyuzi zinazokwenda kwa urefu peke yake, ambazo ni takriban nusu. Ukiuchonga shingo nyembamba ya mapambo, kama wanavyopenda mafundi wetu wa vitanda vya kukereza, hapo ndipo utakapovunjika siku mtu mzito atakapokaa. Plaiwudi ni ya bakuli, sahani ya mapambo, kitako cha taa, kifuniko, saa ya ukutani, rungu fupi nene. Usiifanye mguu mwembamba wa kubeba uzito.

Aina zake zinatofautiana sana. Plaiwudi ya mti wa betula inayotoka Finland na nchi za Baltiki ndiyo kipenzi cha wakerezaji duniani: ubao wa milimita 18 una tabaka 13, zote za mti uleule, na mapengo ya ndani ni machache. Kwetu haipatikani kila duka na ni ghali, ila wanaotengeneza makabati ya kisasa huiagiza, na mabaki yao yanafaa sana kuombwa au kununuliwa. Plaiwudi inayotengenezwa hapa kwetu, ya paini na mikaratusi kutoka maeneo kama Mafinga, jirani na msitu wa Sao Hill, au Eldoret kwa upande wa Kenya, mara nyingi ina tabaka chache zilizo nene. Inakerezeka, mradi uichague kwa jicho. Kuna na ile yenye uso mweusi au wa kahawia unaong'aa, ambayo wajenzi huitumia kumwagia zege na wengi huiita marini. Ule mng'ao ni utando tu wa kuzuia zege lisigande. Unalinda uso, wala hausemi chochote kuhusu moyo wa ubao, na mara nyingi moyo huo umejaa mapengo.

Ndiyo maana nasema dukani usiangalie uso, angalia ukingo. Zungusha ubao uone kingo zote nne. Hesabu tabaka, zikiwa nyingi na za unene mmoja, ni dalili njema. Tafuta vishimo vyeusi kati ya tabaka, maana kila kishimo kinachoonekana ukingoni kina wenzake ndani. Tazama kama tabaka fulani imepanda juu ya nyingine, au imeachana na jirani yake kwa nafasi ya ukucha. Kisha gonga uso kwa kiungo cha kidole, ukihama polepole kutoka pembe hadi pembe. Sauti ikibadilika ghafla ikawa ya uwazi, hapo gundi haikushika.

Jaribio la mwisho ni la gundi yenyewe, na linahitaji kipande kidogo tu. Ingiza ncha ya patasi kati ya tabaka mbili, kisha binua. Tabaka ikitoka na nyuzi zilizochanika, huku upande wa pili umebaki na manyoya ya mbao, gundi ina nguvu kuliko mti na ubao huo utavumilia mashine. Ikifunguka kwa urahisi na kuacha uso laini unaong'aa, rudisha. Kipande kingine kichemshe kwenye maji kwa saa kadhaa. Mbao zilizoshikwa kwa gundi ya fenoli, ambayo huonekana kama mstari mweusi ukingoni, hubaki nzima. Zile za gundi ya yurea, ambayo haina rangi, huanza kuachana. Gundi ya yurea haikatazwi kwenye kerezo, lakini ukishajua ndiyo iliyomo hutatengeneza nayo kitu cha kuoshwa wala cha kukaa barazani.

Kwa miguu ya meza, miguu ya vitanda na nguzo za ngazi, chukua ubao ambao nyuzi zake zote zinakwenda upande mmoja. Dukani mara nyingi utakuta mbao za vipande vya paini au vya mti wa mpira vilivyounganishwa kwa meno na kubanwa ubavu kwa ubavu. Hizi zinakerezeka karibu sawa na mti mzima. Tatizo lake ni moja: ile sehemu ya meno. Kabla ya kuchora umbo, weka alama kwa penseli kila palipo na kiungo cha meno, kisha panga mchoro wako ili shingo nyembamba isiangukie hapo. Kiungo kikikaa kwenye tumbo nene la mguu hakina madhara yoyote. Kwenye maeneo ya ujenzi mkubwa huweza pia kupatikana mabaki ya boriti za LVL, zilizotengenezwa kwa vinia nyingi zote zikielekea upande mmoja. Ni ngumu, zimenyooka, na mistari yake hutoa sura nzuri kwenye nguzo ndefu, ingawa vinia zake huwa na nyufa ndogondogo zilizoachwa na kisu cha kumenyea, na hivyo hudai msasa zaidi. Mbao za mianzi iliyobanwa nazo ni imara sana na nyuzi zake zinakwenda pamoja, ila mianzi ina silika nyingi na hula makali. Uwe tayari kunoa kila mara.

Blokibodi iache. Ndani yake ni vipande vya mbao nyepesi vilivyopangwa bila kushikana vizuri, vikafunikwa kwa vinia. Chipbodi iache kabisa. Ni chembe za mbao zilizogandishwa, hazina nyuzi ndefu za kushikana, zinameguka chini ya patasi, na zikizunguka kwa kasi zinaweza kupasuka na kuruka. Hakuna namna ya kuikereza chipbodi ambayo ningemshauri mtu aijaribu.

MDF ina watu wake. Imetengenezwa kwa nyuzi laini sana zilizosagwa na kubanwa, kwa kawaida kilo 600 hadi 800 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo haina mwelekeo wowote wa nyuzi na patasi huipita sawasawa pande zote. Inatoa umbo kali na safi. Inafaa kwa vielelezo vya kumimina plasta, kwa magurudumu ya kamba, kwa vishikizo vya muda vya kubania bakuli ukiligeuza, na kwa mapambo yatakayopigwa rangi. Lakini katikati ya unene wake ni dhaifu kuliko nyuso zake. Ukipigilia ncha ya mashine au skrubu ukingoni, inapasuka kama kitabu kinachofunguliwa. Ifunge kwenye uso, kamwe usiifunge ukingoni. Suala la vumbi lake nitalifikia.

Mbao hizi mara nyingi huja kwa unene wa milimita 18 au 25, na kazi nyingi zinataka zaidi ya hapo, kwa hiyo utalazimika kubandika tabaka mwenyewe. Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Ondoa utando, rangi na mng'ao wote kwa msasa au randa, maana gundi haishiki juu ya plastiki. Tumia gundi nyeupe ya mbao iliyo bora, ikiwezekana ile inayostahimili maji, au epoksi. Gundi ya mpira inayotumiwa kubandikia fomika na soli za viatu usiiguse kwa kazi hii: haikauki ikawa ngumu, hubaki na mnyumbuko, na kwenye mzunguko tabaka huteleza na kuachana. Paka nyuso zote mbili, bana kwa klampu mpaka gundi itokeze kidogo pande zote, na uache saa 24 kabla ya kuwasha mashine. Kwenye masika ongeza muda. Gundi nyeupe iliyokauka nje tu bado ni laini ndani, na joto la msasa huilainisha zaidi.

Idadi ya tabaka nayo ina siri yake. Ukibandika mbao mbili tu, mstari wa gundi unapita katikati kabisa ya bonge, mahali palepale ambapo ncha ya mashine upande wa mkia inaingia. Ncha hiyo ni kabari. Kadiri unavyoikaza ndivyo inavyozisukuma mbao mbili ziachane, na ule uma wa upande wa mota unafanya kazi hiyohiyo meno yake yakilala juu ya mstari. Bandika tatu au tano, katikati paangukie kwenye ubao mzima. Ikiwa ni lazima ziwe mbili, elekeza meno ya uma yaukate mstari wa gundi kwa kuvuka, na kwenye mkia tumia ncha yenye duara inayoshika kwa ukingo badala ya ile iliyochongoka. Kwa plaiwudi hali ni hiyohiyo: bonge likizunguka huku tabaka zake zikilala sambamba na urefu wa mashine, ncha iko kati ya tabaka. Toboa kwanza kishimo chembamba ili ncha ikae bila kusukuma.

Kwa anayeanza, napendekeza bakuli la ubao mmoja, yaani kutoka kipande kimoja cha plaiwudi ya milimita 18. Chora duara la milimita 240. Ndani yake chora la 204, kisha la 168, kisha la 132. Kila pete hapo ina upana wa milimita 18, sawa na unene wa ubao. Ukizikata pete hizo kwa msumeno uliolazwa digrii 45, kipenyo cha chini cha pete ya nje kinalingana na kipenyo cha juu cha pete iliyo ndani yake, na ukizipandisha moja juu ya nyingine, huku duara la katikati likiwa kitako, unapata bakuli lenye ukuta ulioinama, kimo cha milimita 72, kutoka ubao uliokuwa bapa. Ili msumeno upate pa kuingilia, wengi hukata kwanza ubao nusu kwa nusu kwenye kipenyo, wakakata nusu-pete, kisha wakaziunganisha. Kumbuka kufidia kiasi kinacholiwa na meno ya msumeno, la sivyo pete hazitakutana vizuri. Geuza kila pete kidogo ili maungio yasifuatane mstari mmoja, bandika, bana, kisha kereza. Mistari ya tabaka itazunguka bakuli lote, na ni ubao kidogo tu utakaopotea ndani ya maranda.

Kasi isikutawale. Kuna kipimo ambacho wakerezaji wengi hukitumia: zidisha kipenyo kwa inchi na mizunguko kwa dakika, jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Bakuli la inchi 10 basi ni mizunguko 600 hadi 900. Kwa mbao zilizobandikwa kaa upande wa chini, na bonge likiwa bado na pembe anza chini zaidi ya hapo. Tukiichukua ile 900, ukingo wa bakuli la sentimita 25 unakwenda karibu mita 12 kwa sekunde, kama kilomita 42 kwa saa. Kipande kitakachoachia kitatoka na mwendo huo. Simama pembeni unapowasha, vaa ngao ya uso mzima, na zima mashine kila baada ya hatua uligonge bonge usikilize kama sauti imebadilika. Mapengo yatakayojitokeza yajaze kwa epoksi, ngoja ikauke, ndipo uendelee. Glavu, mikono mirefu iliyolegea, ncha za kanga au za mtandio visikaribie mashine inayozunguka.

Gundi za kiwandani ni ngumu na hula makali haraka. Patasi iliyofuliwa kutoka springi ya gari itafanya kazi, ila utarudi kwenye jiwe mara nyingi. Chuma cha haispidi hudumu zaidi. Patasi iliyotengenezwa kwa tupa ya zamani itupe leo hii. Chuma cha tupa ni kigumu lakini kinavunjika kama kioo kikinaswa. Kwenye mapito ya mwisho noa upya, ondoa kidogokidogo, na kabla ya pito la mwisho kabisa paka sandingi sila ili iziimarishe ncha za nyuzi zisikwanyuke. Msasa nao uende kwa zamu, 80, 120, 180, 240, bila kuruka, na usikandamize: mti ni laini kuliko mstari wa gundi, ukikandamiza utaacha matuta yanayosikika kwa kidole hata kama jicho halioni.

Vyombo vya chakula kibichi au cha moto vitengenezwe kwa mti mzima. Mwiko, kibao na msukumio wa chapati, kinu na mchi, bakuli la mchuzi: hivyo vyote vinakutana na maji, joto na kusuguliwa, na gundi hizi hazikutengenezwa kwa ajili hiyo. Bakuli la plaiwudi liwe la matunda yenye maganda, la funguo, la mapambo, na mteja umwambie hivyo waziwazi unapomkabidhi.

Kuhusu vumbi nitasema kwa uzito wote nilio nao. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995, na mwaka 2004 likaiweka humo fomaldehaidi, kemikali iliyomo kwenye gundi nyingi za plaiwudi na MDF. Vumbi la MDF ni laini kiasi cha kuelea hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa. Kitambaa kilichofungwa puani hakilizuii, wala barakoa nyembamba ya hospitali. Nunua barakoa ya kiwango cha FFP2 au N95, fanya kazi penye upepo unaopita, na fagia sakafu ikiwa imenyunyiziwa maji. Kama una kijana anayejifunza kwako, barakoa yake iwe ya kwanza kununuliwa, kabla ya yako, kwa sababu mapafu yake yana miaka mingi zaidi ya kufanya kazi.

Nikiulizwa kwa ufupi: kwa bakuli, plaiwudi ya tabaka nyingi; kwa miguu na nguzo, mbao zenye nyuzi za upande mmoja; kwa vielelezo na vishikizo, MDF; chipbodi na blokibodi, hapana. Na kabla ya kulipia ubao mzima, omba kipande cha ukingo ukakijaribu kwa patasi na maji ya moto. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili.